Usaili wa Ualimu na Ulimi Unaofichwa

Kumezuka miongoni mwa walimu vijana wa mwambao huu wa Ziwa Mweru desturi ambayo hatuwezi tena kuinyamazia. Kijana akisikia kwamba shule za mjini zinatafuta walimu, jambo la kwanza alifanyalo si kulitazama upya andalio lake la somo, wala kukaa na watoto akaipima sauti yake mbele yao. Hutafuta karatasi ya maswali na majibu. Karatasi hiyo siku hizi hupita kutoka simu hadi simu, na ndani yake yamo majibu yaliyokwisha kupikwa na kupakuliwa: kwa nini unapenda ualimu, udhaifu wako ni upi, utamfanyaje mtoto mtundu. Kijana huyakariri kama sala, akaazima koti, akapanda basi hapa Nchelenge, akafika mbele ya jopo na kuyatapika. Wanaojopo nao wameyasikia asubuhi hiyo hiyo kwa vijana kumi waliomtangulia.

Hilo la kukariri lingeweza kusamehewa. Njaa ya kazi haina adabu, na waliohitimu ni wengi kuliko nafasi. Mwaka 2022, Zambia ilipoondoa karo katika shule za serikali na kuajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mkupuo mmoja, bado waliobaki nje walikuwa wengi. Tanzania nayo mwanzoni mwa mwaka 2025 iliwaita walimu kwa maelfu kwenye usaili. Basi hatumlaumu mwenye kushika unyasi. Tunalolilaumu ni shauri moja lililomo katika karatasi zile, tena, kwa aibu yetu, limo katika vinywa vyetu sisi walimu wa lugha: kwamba kijana wa mwambao akifika mjini aufiche ulimi wake. Aseme Kiingereza, na akilazimika sana aseme Kibemba. Lakini asidiriki kutaja kwamba anakijua Kiswahili, maana Kiswahili chake ni "cha Kongo", lugha ya wachuuzi wa samaki na wakimbizi.

Msomaji wa Dodoma au wa Mombasa huenda akashangaa kusikia Kiswahili kinatajwa Nchelenge. Na ashuke siku moja ufukweni Kashikishi, mitumbwi inapoingia. Atawaona wanawake wakipimiana chisense, dagaa wetu, kwa Kibemba; kisha atamwona mnunuzi aliyevuka kutoka Pweto au kutoka Kilwa, na mara soko zima litageuza lugha bila mtu kukohoa. Kilwa hiyo ni mji wa ng'ambo, upande wa Kongo. Na katikati ya maji kipo kisiwa cha Kilwa kilicho cha Zambia, jina ambalo mtu wa pwani atalisikia kama la nyumbani. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amekaa miaka mingi. Tippu Tip naye alisimulia kwa ulimi wake jinsi alivyopigana na Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa hili. Hatusemi hayo kwa kujivuna. Njia iliyoleta Kiswahili huku ilikuwa pia njia ya pembe na minyororo, na wazee hawakusahau. Tunasema tu kwamba lugha hii si mgeni wa jana.

Na wa jana nao wapo. Mwaka 2017 watu waliokimbia vita vya Kongo walipokelewa Kenani, wilayani humu, na mwaka uliofuata wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala. Watoto wao waliingia darasani na Kiswahili chao cha Katanga. Lugha za Zambia zilizokubaliwa kufundishwa shuleni ni saba, na Kiswahili hakimo. Hapa Luapula lugha ya darasa la mwanzo ni Kibemba. Sasa tunauliza: mbele ya mtoto wa namna hiyo, ni mwalimu yupi aliye na sifa, yule aliyekariri karatasi, au yule awezaye kumwambia neno moja likamfanya ainue uso?

Tutoe mfano tuujuao vizuri, maana kijana mwenyewe tulimfundisha sisi. Shule moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, ilitaka mwalimu wa Kiswahili. Kijana wetu alisoma Kiswahili sanifu vitabuni, nacho cha ziwani alinyonya. Basi lake lilivuka Luapula kwa daraja la Chembe, lililochukua mahali pa kivuko tangu mwaka 2008, likapita kilomita 70 hivi ndani ya Kongo, katika kile kipande cha nchi kilichojichomeka kama ulimi katikati ya Zambia. Njiani aliwatafsiria abiria wenzake maneno ya askari. Naam, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mwalimu wa lugha kabla hajaufikia mlango wa usaili.

Mbele ya jopo akafungua kinywa, akamsalimu mwenyekiti, mtu mzima, kwa kumwita "bamwalimu". Walicheka. Mmoja akaandika katika karatasi yake: hajui ngeli. Somo la majaribio alilokuwa ameliandaa kwa juma zima hakuombwa kulifundisha.

Jamani, ngeli gani hiyo? Hiyo *ba* ilikuwa ya heshima! Mbemba hamwiti mkubwa wake kwa umoja mkavu. Na Kiswahili cha Katanga, kilichokua miongoni mwa watu wa desturi hiyo, kimeilinda. Kijana alileta adabu ya kwao mezani, wakamkata maksi. Alipotusimulia, tulijikuta tunakumbuka mikono yetu wenyewe, jinsi tulivyokuwa tukimchapa kwa wino mwekundu kila alipoandika *batoto* na *bintu*, bila hata mara moja kumweleza kwamba alichoandika kina kanuni yake.

Tutaambiwa kwamba shule haiwezi kufundisha kila lahaja, na kwamba usanifu ni lazima. Nani amekataa? Kiswahili sanifu nasi tunakifundisha, na mwombaji asiyekimudu asipewe kazi ya kukifundisha. Lakini tukumbuke kilivyopatikana: Kiunguja kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930. Kilichaguliwa, hakikushushwa kutoka mbinguni. Ajuaye sanifu na lahaja pamoja anajua mahali hasa ambapo mwanafunzi atajikwaa, kwa kuwa yeye mwenyewe alijikwaa hapo. Hiyo ni akiba, na jopo lenye akili lingeichimba.

Mwaka 2019 nchi za SADC, Zambia ikiwamo, zilikipokea Kiswahili kuwa lugha yao rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO ilikitengea tarehe 7 Julai. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Kila Julai twavaa kanga, twasoma tenzi, twapigiana makofi, na Agosti twamcheka Mwafrika aliyekuja na Kiswahili ambacho si cha nyumba yetu.

Kwa hiyo vijana tunaowaandaa sasa tunawaandaa vingine. Karatasi za majibu tumeziweka kando. Vyeti vyao na usajili wa Baraza la Ualimu wavipange mapema, hilo halihitaji makala. Muda uliobaki wanautumia darasani: dakika ishirini, chaki, ubao, na watoto wa kweli, baadhi yao wa Mantapala. Kijana huandika *batoto* upande mmoja na *watoto* upande wa pili, akawauliza watoto wenyewe wagundue kilichobadilika. Na jopo likimwuliza ni lugha zipi azijuazo, azitaje zote, na hiyo ya ziwani aitaje kwa jina lake, asiinamishe kichwa.

Mwenzetu yeyote katika chama hiki anayeona tumekosea, tunamkaribisha Kashikishi. Aje kabla ya tarehe 1 Desemba, kwa kuwa toka siku hiyo hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa na soko huwa kimya. Atasimama kwenye mitumbwi na Kiswahili chake fasaha, naye kijana wetu atasimama kando yake, na tutaona ni nani atakayerudi na samaki.