Aliyeoka Ndiye Mpishi

Iko dhana iliyoenea Marekani, nayo huzidi nguvu kila Desemba inapoingia na nyumba za watu zikaanza kunukia vanila na mdalasini, ya kuwa mtu aokaye biskuti za Krismasi kwa unga wa keki ulionunuliwa dukani ndani ya kasha hakupika chochote. Kwamba kiwanda ndicho kilichopika, naye amekuwa tarishi tu wa kuuhamisha unga kutoka kashani hadi jokoni. Hukumu hiyo hutamkwa kwa upole katika zile hafla za kubadilishana biskuti, ambamo kila mgeni huja na sinia lake akaondoka na za wenziwe. Walakini upole wa sauti haupunguzi ukali wa neno, na wako wanaoyaficha makasha yao chini ya taka kwa kuchelea kuaibishwa. Dhana hiyo ni batili.

Nguzo yake kubwa ni kisa kimoja ambacho husimuliwa hata katika mafunzo ya biashara. Husemwa kwamba hapo kwanza unga wa kasha ulitaka maji tu. Kwamba wanawake waliukataa kwa kuona haya ya kutofanya kazi. Na kwamba Ernest Dichter, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1938, ndiye aliyeishauri kampuni ya General Mills katika miaka ya 1950 iyatoe mayai makavu, ili mama wa nyumbani, akivunja yai bichi kwa mkono wake, ajidhanie kuwa naye amepika. Kisa hiki kina utamu wa kusimulia, na ndani yake mna dharau kubwa, kwani humfanya mpishi kuwa mtu asiyejua ladha, mwenye kuridhika kwa ghiliba. Fauka ya hayo, tarehe zinakikanusha. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh, iliyokuwa ikiuza molasi, iliomba hataza ya unga mkavu wa mkate wa tangawizi mwaka 1930. Na katika hataza yake nyingine, iliyotolewa mwaka 1935, mpishi alitakiwa atie mayai mabichi, kwa sababu iliyoelezwa humo humo kwamba wanunuzi waliyapendelea. Dichter alikuwa hajatia mguu Marekani. Wanawake wale walionja, wakapambanua, wakachagua: yai kavu liliipa keki harufu isiyopendeza na kuifanya igande katika chombo, na yai bichi liliipa wepesi.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote imo katika biskuti zenyewe. Aliyeliunda kasha alikusudia keki, akaweka unga laini, sukari nyingi, magadi na tindikali yake ya kuumulia, kisha akaagiza litiwe maji. Mpishi wa biskuti huliacha agizo hilo. Hatii maji hata tone. Huvunja mayai 2, humimina mafuta nusu kikombe, na kipatikanacho ni donge zito badala ya uji, kwa kuwa wanga hauwezi kuvimba ukafanya keki laini pasipo maji ya kutosha. Donge hilo huliviringa vidonge, akavigaagaza katika sukari ya unga, akavipanga mbali mbali, akavitia katika joko lenye joto la nyuzi 175 kwa dakika 8 hadi 10. Vikiumuka kwa ndani, ngozi yao iliyokwisha kukauka hupasuka, na rangi ya chini, iwe ya chokoleti au ya limau, hujitokeza katika nyufa baina ya weupe wa sukari. Sharti azitoe biskuti zingali laini katikati, kwani hukazana zikipoa. Na kuijua dakika hiyo ni kazi ya jicho lake.

Tena kasha lenyewe limebadilika. Kwa miaka mingi lilikuwa na wakia 18.25, yaani gramu 517 hivi. Kisha viwanda vikalipunguza hata mengi yakawa na wakia 15.25, kama gramu 432. Nyumba nyingi zingali na karatasi za mapishi zilizoandikwa zamani za kasha kubwa, na mwenye kuzifuata neno kwa neno huona donge limelegea na biskuti zimetandaa sinia zima. Mwenye maarifa huligundua jambo hilo kwa kidole, akaongeza vijiko vichache vya unga wa ngano, au akalipoza donge katika jokofu kabla ya kuliviringa. Je, ni nani aliyeifanya hesabu hiyo, kiwanda au yeye?

Na wanaodai kwamba kilichomo kashani kimekwisha kupikwa, na wakumbuke kuwa unga ule ni mbichi kama unga wowote: mwaka 2021 watu katika majimbo kadhaa ya Marekani waliugua kwa bakteria wa E. coli walionasibishwa na unga wa keki wa kasha, na baadhi yao walikuwa wameula ungali mbichi.

Sikatai kwamba biskuti ya siagi, iliyopimwa na kuchanganywa tangu mwanzo, ina ladha ambayo kasha haliifikii, wala kwamba katika orodha ya vilivyomo aghalabu sukari hutangulia unga. Mwenye wasaa na aoke hivyo, nami nitamsifu. Ninachokikataa ni kuugeuza wasaa kuwa fadhila, na uchache wake kuwa taksiri, ili muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akasimama jikoni kwa ajili ya watoto wake ilhali macho yamemjaa usingizi, aambiwe kuwa hakufanya kitu. Waswahili waishio huko hupika wali kwa tui la kopo, wala sijaona mgeni aliyekula akashiba kisha akauliza ni nani aliyeikuna nazi.

Basi wewe utakayealikwa Desemba hii, ukitengewa biskuti, zile na umshukuru aliyezioka kwa jina lake, bila ya kumsaili habari za unga. Nawe uliyezioka kwa kasha, ukiulizwa, sema kweli bila ya kuinamisha uso.