Ada Yako, Wakili wa Benki

Barua ya ofa ya mkopo wa nyumba nchini Kenya huwa na kifungu ambacho wakopaji wengi hukipita mbio wakiitafuta riba. Kifungu hicho husema kwamba hati za rehani zitaandaliwa na wakili aliye kwenye orodha ya benki, na kwamba ada zake zote ni juu ya mkopaji. Anayekisoma huona nafuu tu: wakili keshapatikana, benki imeshamchunguza, ya nini basi kutafuta mwingine na kulipa mara mbili? Lakini kulipa ada hakukufanyi uwe mteja. Mteja wa wakili huyo ni benki.

Sidai kwamba orodha hizi ni njama. Mikopo ya nyumba Kenya nzima ni kama 30,000 tu, na kila mmoja ni mamilioni ya shilingi yaliyoegemezwa juu ya hatimiliki. Benki inataka mtu mwenye leseni ya uwakili ya mwaka huohuo, mwenye bima ya kufidia makosa ya kikazi, anayezijua njia za ofisi ya msajili wa ardhi na mfumo wa Ardhisasa ulioanza mwaka 2021. Tena kuna ile barua ya ahadi, ambayo biashara hii haiendi bila yake. Muuzaji hataki kuachia hati kabla ya kulipwa, na benki haitoi fedha kabla rehani haijasajiliwa. Wanakutana kwa neno la maandishi: upande wa benki unaahidi kwamba usajili ukikamilika fedha zitatoka, na wakili wa muuzaji anaachia hati kwa kuliamini neno hilo. Wakili aliyetoa ahadi ya namna hii akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha yeye mwenyewe aitimize. Basi benki kutotaka ahadi hiyo mikononi mwa wakili isiyemjua ni jambo la haki kabisa.

Ila wakili wa benki anaangalia nini? Anaangalia kama hatimiliki inaweza kubeba deni. Anafanya sachi, anahakikisha hakuna zuio, anaandaa rehani, anapata ridhaa ya mume au mke kama nyumba ni ya ndoa, na kama shamba liko chini ya bodi ya ardhi anadai kibali chake. Kazi hiyo inamfaa mnunuzi pia, hadi mahali fulani. Baada ya hapo njia zinatengana. Mkataba wa mauzo unasema nini iwapo siku 90 za kukamilisha zitapita na benki bado inavuta miguu? Ile amana ya asilimia 10 nani anaishika, na itarudi kwa masharti gani? Ada ya huduma za jengo inapangwa na nani? Riba ya mkopo ikipandishwa, sheria ya ardhi inaitaka benki itoe notisi ya angalau siku 30. Nani atakueleza hilo, wakili aliyeandika hati kwa niaba ya mpandishaji?

Halafu kuna historia ya ardhi yenyewe, na hapa Mombasa imetoa funzo la gharama kubwa. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, ufukweni. Kiligawiwa kwanza kwa aliyekuwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kikapita mkono mwingine, kikafika kwa Dina mwaka 2006. Mwaka 2017 kaunti iliingia na kubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Dina ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na hati ilikuwa safi kwa msajili. Majaji walikataa: kama ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, hati iliyozaliwa nao haimlindi hata mnunuzi asiye na hatia.

Kesi ile haikuwa kati ya benki na mkopaji, lakini hukumu yake inamgusa kila mkopaji. Sachi inayoonyesha jina la mwenye hati leo haitoshi tena. Ni lazima kurudi nyuma hadi ugawaji wa kwanza, kusoma ramani za upimaji, kuuliza kama hapo palitengwa kwa ajili ya barabara, shule au njia ya umma. Sasa fikiria hati imefutwa. Rehani ya benki inaanguka pamoja nayo, ndiyo, lakini deni halianguki. Mkataba wa mkopo ni wa mtu binafsi, na benki itakudai mshahara na mali nyingine uliyo nayo. Benki imepoteza dhamana. Wewe umepoteza nyumba na unaendelea kuilipia. Hasara zenu hazilingani, kwa hiyo bidii ya kuchimba historia ya kiwanja nayo haiwezi kulingana.

Uingereza, ambako mfumo wetu wa kuhamisha ardhi umechota mengi, imechagua njia nyingine. Kwa kawaida wakili mmoja humtumikia mnunuzi na mkopeshaji pamoja, alimradi yuko kwenye orodha ya mkopeshaji, na wakopeshaji wana kitabu cha maelekezo cha pamoja ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma. Gharama inapungua, na wakili anawajibika kwa wote wawili. Si mfumo usio na dosari. Jambo ambalo mnunuzi angependa lisijulikane, wakili huyo hutakiwa kumweleza mkopeshaji, na mnunuzi asiporidhia hulazimika kuacha kumtumikia mkopeshaji. Na orodha ikibanwa sana kelele hupigwa: mwaka 2012 benki ya HSBC ilipunguza orodha yake hadi kampuni 43 za uwakili, mawakili na wanunuzi wakalalamika, na baadaye ikabidi ipanuliwe. Hata hivyo pale swali la nani ni mteja lina jibu lililoandikwa.

Kwetu jibu hilo linaachwa gizani, na wanaofaidika na giza hilo si wanunuzi. Utetezi wa gharama nauelewa. Nyumba ya shilingi milioni 10 mjini inadai ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 400,000; usajili wa rehani una ushuru wake; mthamini yupo; na ada za mawakili zimefungwa kwa kima cha kisheria ambacho wakili haruhusiwi kushuka chini yake. Kumwongezea mnunuzi wakili wa pili juu ya hayo yote kunauma. Lakini dawa yake si kumwacha bila wakili. Benki inayotaka mtu wake peke yake imlipe yenyewe. Inayotaka mkopaji alipe, ikubali wakili aliyechaguliwa na mkopaji, mradi ana leseni, bima na rekodi safi ya nidhamu. Na orodha ichapishwe mahali pa wazi kabla ya barua ya ofa, si siku ya kusaini. Benki Kuu na Chama cha Mawakili wanaweza kulisukuma hili bila kungoja bunge.

Mpaka hapo, wewe unayenunua, kabla hujatia sahihi muulize wakili uliyepewa swali moja kwa maandishi: katika shughuli hii unamwakilisha nani? Akijibu kuwa ni benki, tafuta wako, na mtake arudi hadi ugawaji wa kwanza wa kiwanja kabla hujalipa amana.