Rangi Mpya Haifufui Ubao Uliooza



Katika daftari la ofisi yetu kuna mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mtamba 1, mguu wa nyuma umevunjika, amechinjwa." Mstari huo hautaji ubao. Lakini ubao ndio uliomwua mtamba yule.

Mambo yalikuwa hivi. Majirani watano walichanga fedha wakanunua mnadani tela kuukuu ya farasi. Shauri lao lilikuwa jema. Tangu mwaka wa 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kugawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, wengi wetu twalima vishamba ambavyo haviwezi kumpa mtu mmoja fedha za kununua lori. Kununua pamoja ndiyo njia yetu. Tena tela ya farasi yafaa sana kwa ng'ombe wa maziwa. Ni ya chini, mlango wake wa nyuma hushuka ukawa daraja, na kuta zake humkinga mnyama na upepo.

Tela ile ilikuwa imepakwa rangi mpya, ikang'aa. Hakuna aliyeinama kutazama chini yake. Katika safari ya tatu sakafu ilitoboka, na mguu wa mtamba ukaingia. Huyo mtamba alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenyewe alikuwa bado akilipa deni lake.

Maoni yangu ni haya: ubao uliooza haufunikwi, hukatwa. Mtu anayeufunika kwa rangi au kwa bati, akiwa auza au akiwa atumia mwenyewe, amemchimbia mnyama shimo akalitandikia majani.

Yafaa kwanza tujue ubao huoza kwa nini. Haozeshi uzee. Kuna kuvu wanaokula mbao, na kuvu hao hawaishi bila maji. Ubao ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 waweza kukaa miaka mingi bila kuoza. Basi adui ni maji, nayo huingia katika tela kwa njia tatu. Kwa juu hupita katika maungio ya paa, matundu ya ribiti na kando za dirisha, yakateremka nyuma ya bati la ukuta mahali jicho lisipofika. Kwa chini hurushwa na magurudumu pamoja na matope. Na ndani mnyama mwenyewe hukojoa, mkojo ukakaa chini ya mpira wa sakafu usikauke. Kuta nyingi za tela hizi ni za plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Maji yakiingia katika ukingo, plaiwudi hufura na matabaka yake huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Kupima si kazi ngumu. Toa mpira wote. Ingia chini ya tela ukiwa na bisibisi, udunge mbao kandokando, penye pembe na karibu na kila bolti. Ubao mzima hukataa. Uliooza huipokea bisibisi kama mkate. Kisha gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Mahali pazima hulia, mahali palipooza hutoa sauti ya bubu.

Ukiona pameoza, usianze na ubao, anza na maji. Kwangua gundi ya zamani katika maungio ya paa, uzibe upya, ubadili mipira ya madirisha iliyopasuka. Ukitia ubao mpya chini ya paa livujalo, umemlipa seremala bure. Halafu bandua paneli, uiache tela mahali pakavu penye hewa mpaka fremu ikauke kabisa. Kata ubao mbovu mpaka ufike kwenye uzima, kisha uendelee mpaka chuma cha fremu kilicho karibu, ili kiungo kipya kikae juu ya chuma wala kisining'inie hewani. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Kama chuma kimeliwa kikawa chembamba, kichomelewe kwanza.

Kwa ukuta, tumia plaiwudi ya kustahimili maji, na kabla ya kuifunga paka rangi kingo zote na kila tundu la keekee, mara mbili. Kingo ndizo zinywazo maji kuliko uso. Kwa sakafu, tumia mbao ngumu zenye unene wa inchi 2, zilizolala juu ya vyuma vya kukingama, na kuacha mwanya mdogo kati yake ili mkojo upite. Funga kwa bolti zisizoshika kutu, si misumari. Ng'ombe mkubwa wa Friesian hufikia kilo 600, na akiyumba katika kona uzito huo wote waweza kuwa juu ya miguu miwili.

Wengine hupaka mbao mafuta machafu ya injini. Desturi hiyo tuiache. Mafuta hayo yana sumu, na ng'ombe hulamba kila kitu; tena sakafu huteleza.

Najua nitajibiwa, "Bwana karani, fedha ziko wapi? Bati moja juu ya ubao latosha." Bati huzuia jicho, halizuii maji. Maji hukaa kati ya bati na ubao, na uozo huenda mbio kuliko mwanzo. Wale majirani watano wangaliweza kununua mbao za sakafu nzima na kumlipa fundi, na fedha hizo zisingalifika nusu ya bei ya mtamba yule. Tena sheria ya nchi yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama yakataza kumchukua mnyama kwa namna ya kumtesa.

Lakini kosa kubwa halikuwa la fedha. Tela ilikuwa ya wote, kwa hiyo haikuwa na mtu. Tulipokuwa katika chuo cha ualimu tulikuwa na zamu za kufagia darasa. Siku ambayo jina halikuandikwa, darasa halikufagiwa, ingawa tulikuwa thelathini na mifagio ilikuwapo. Basi kila chama chenye tela kiandike jina la mtu mmoja. Baada ya kila safari atoe mpira, aoshe sakafu, ainue mbele ya tela ili maji yatoke nyuma, na aache mlango wazi pakauke. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya mvua ndefu na mwezi wa Septemba kabla ya mvua fupi, apime kwa bisibisi na kuandika tarehe.

Na mkienda mnadani, pelekeni bisibisi. Muuzaji akikataa msiidunge sakafu yake, amekwisha kuwajibu.

Daftari langu lina nafasi nyingi. Sitaki kuandika mstari wa pili.