Kuacha Chuo Kulikuwa Rahisi Kuliko Kuacha Jimu

Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili. Nilijaza fomu, nikarudisha kitambulisho, nikapanda matatu kwenda nyumbani. Siku moja. Kuacha jimu kumenichukua miezi minne, na wasee, bado nina hasira.

Kujiunga kulikuwa kwa dakika tano. Dada wa mapokezi aliniita "bosi", akanipa maji baridi, akanisongezea tableti: weka sahihi hapa. Nikaweka kwa kidole. Mkataba wa mwaka mzima, 4,000 kila mwezi, inakatwa kwa kadi tarehe 1. Sikusoma. Hilo kosa ni langu, nakubali.

Halafu Januari nikahama. Kodi ya Kasarani ilinishinda, nikaenda Rongai. Jimu ikabaki Thika Road. Kwenda na kurudi ni nusu ya siku na nauli juu. Nikapiga simu kuwaambia inatosha. Hapo ndipo "bosi" aliisha.

Kumbe kutoka hakufanywi kwa simu. Wala kwa WhatsApp. Eti nije mwenyewe na barua iliyochapishwa, nimpe meneja. Nikaenda, meneja hayuko. Nikaacha barua. Nikarudi tena, meneja yuko, lakini anataka notisi ya siku 30, na anahesabu kuanzia leo, si ile siku niliacha barua.

Mwisho wa Februari mteja alinilipa doo ya video usiku. Asubuhi, 4,000 imeenda. Hiyo ilikuwa kodi. Ilibidi nimpigie mathe. Mimi, niliyeacha shule nikiahidi kujitegemea, namwomba doo ya jimu ambayo hata siingii. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwani hapo hawana mlango wa kutokea?"

Mathe alimaliza maneno. Kama naingia kwa kidole, nitoke kwa kidole.

Najua kuna wale watasema: ulisaini, lipa. Sawa. Nitalipia siku nilizotumia, hata faini ya kuvunja mkataba kama iliandikwa. Lakini meneja kupotea na tarehe kuhesabiwa upya, hayo si mkataba. Hayo ni kukuchosha mpaka unyamaze. Na wanajua vijana wengi tutanyamaza, kwa sababu tunaona aibu kusema hatuna doo.

Na sheria iko. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa siku 10 za kubadili nia, bila kutoa sababu yoyote, kwa huduma za mazoezi unazolipia mapema. Siku hizo zinaanza ukishapata nakala ya mkataba. Mimi nilihama baadaye sana, lakini hiyo nakala sikuwahi kupewa. Ningekuwa nayo, ningejua habari ya siku 30 mapema na ningeokoa angalau mwezi mmoja.

Kwa hivyo ukisongezewa tableti, uliza swali la mathe kabla hujatoa kidole: nikitaka kutoka, nafanya nini, na inachukua siku ngapi? Itisha nakala hapo hapo. Wakianza kuzungukazunguka, maliza maji yao baridi, sema asante, uende zako. Kupiga pushapu nyumbani ni bure.