Mgonjwa wa Kansa na Nguvu za Mwili

Huku kwetu bonde la Ruzizi kazi ya mwanamke ni ya mizigo. Katogota atoka shambani na muhogo, kisha aenda kuteka maji. Je, akipasuliwa kwa kansa ya titi, jamaa zake wafanyeje? Wengine humlaza kitandani miezi mizima. Wengine, kidonda kikipona tu, humrudishia dumu na jembe. Njia zote mbili zina hasara.

Ugonjwa na dawa zake kali hupunguza nyama za mwili, na kulala mno huzidi kuzipunguza. Tena, tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwilini hayapiti vema, na mkono waweza kuvimba. Kwa hiyo zamani wanawake hao walikatazwa kuinua kitu kizito.

Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walitangaza habari za wanawake 141 wenye uvimbe huo. Nusu yao waliinua vyuma mara mbili kwa juma, wakianza na uzito mdogo na kusimamiwa. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao. Waliozidiwa na uvimbe walikuwa 14 katika 100. Kwa wasioinua, 29. Mwaka 2019 mabingwa wa nchi mbalimbali walishauri mazoezi ya nguvu kwa wagonjwa wa kansa, kwa kuwa hupunguza uchovu na kurudisha uwezo wa mwili. Hayaponyi kansa, wala hayashiki mahali pa dawa.

Vyuma si lazima. Mgonjwa aketi kitini na kusimama mara 8 hadi 15, apumzike, arudie. Asukume ukuta, ainue chupa ya maji ya nusu lita. Afanye hivyo mara mbili kwa juma, akiongeza kidogo kidogo: haba na haba hujaza kibaba. Chupa ile ni nusu kilo. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Hiyo ndiyo tofauti ya zoezi na mzigo.

Kwanza amwulize daktari, hasa kansa ikiwa imefika mifupani, au akiwa na homa. Mkono ukivimba, aache, arudi kwake.

Nanyi wanafunzi, mama afanyapo mazoezi, mhesabieni; na maji ya jioni tekeni ninyi.