Si Tasa, Ana Njaa

Neno moja laweza kumpeleka ng'ombe kichinjioni. Mfugaji wa Nyandarua aonapo miezi mitano imepita tangu ng'ombe wake azae, wala hajaonyesha dalili za kutaka dume, humwita tasa na kumwuza. Tasa wapo, na maradhi yapo, sikatai. Lakini mara nyingi kosa limo katika hori.

Watafiti wa mifugo wamekwisha kulieleza jambo hili kinaganaga. Ng'ombe wa gredi akisha kuzaa, maziwa huongezeka upesi kuliko hamu yake ya kula, naye huyayeyusha mafuta ya mwili wake ili kuziba pengo hilo. Akikonda kupita kiasi, ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari, na joto hukawia au hupita kimya. Kila joto likosekanalo ni siku 21 zilizopotea. Nyasi ya nepia iliyokomaa hujaza tumbo tu, kwani protini yake ni haba.

Kituo cha mbegu cha Kabete kilianzishwa mwaka wa 1946. Tangu hapo tumemsifu mno fahali, tukasahau chakula cha jike. Nami, mtu wa isimu, nauliza: utafiti huu umeandikwa kwa lugha ya nani? Aulipiaye kwa kodi yake hausomi. Walimu wa kilimo na wa Kiswahili wangeketi pamoja muhula mmoja tu, wakasanifu istilahi za malisho, wanafunzi wangezifikisha zizini jioni hiyo hiyo.