Habari za Miji: Mji Uliomaliza Miti Yake

Ukurasa huu mara nyingi huwachukua katika miji mikubwa, yenye majumba marefu na kelele nyingi. Mwezi huu twapenda kuwapeleka katika mji mdogo, ambao yamkini wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Ni mji wa Menomonie, katika jimbo la Wisconsin, huko Marekani, upande wa kaskazini katikati ya nchi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakazi wake walikuwa zaidi kidogo ya 16,000. Tumeuchagua kwa kuwa kisa chake chawahusu wazazi na walimu. Mji huu uliishi kwa kukata miti, miti ikaisha, walakini mji haukufa. Basi na tutazame ni kwa sababu gani.

Menomonie umejengwa kando ya mto uitwao Red Cedar. Mto huu huteremka kusini na kuingia katika mto Chippewa, nao Chippewa huingia katika Mississippi, mto mkuu ukatao nchi mpaka baharini. Mkumbuke mito hii mitatu, maana ndiyo iliyokuwa barabara ya mali yote tutakayoisimulia. Jina la mji latokana na kabila la Wamenominee, na maana yake ni watu wa mpunga mwitu, yaani mmea uotao wenyewe katika maji ya nchi zile, ambao wenyeji huuvuna wakiwa ndani ya mitumbwi. Katika bonde hili waliishi na kuwinda Waojibwe na Wadakota. Mwaka 1837 makabila hayo mawili, kila moja kwa mapatano yake, yaliiachia serikali ya Marekani nchi kubwa yenye misitu ya misunobari. Imetupasa kulitaja jambo hili mwanzo, ili msomaji asidhani kwamba msitu ule haukuwa na mtu.

Tangu miaka ya 1820 watu walikuwa wakijaribu kujenga vinu vya kupasulia mbao mahali pale, vinu viendeshwavyo kwa nguvu za maji. Mwaka 1846 walifika William Wilson na John Knapp, wakanunua sehemu ya kinu kidogo kilichokuwapo. Baadaye wakashirikiana nao Andrew Tainter, aliyeitwa na watu Kapteni, na Henry Stout, mfanya biashara wa Dubuque katika jimbo la Iowa. Ushirika wao uliitwa Knapp, Stout na Kampuni. Ulianza kwa udogo, lakini ilipofika miaka ya 1870 watu walikuwa wakisema kwamba hakuna kampuni ya mbao iliyo kubwa kuliko hiyo duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majira ya baridi yakifika, wanaume walikwenda makambini msituni, wakakaa huko miezi mingi mbali na wake zao na watoto. Wakati huo theluji hufunika nchi yote, na maji huganda yakawa magumu kama jiwe. Jambo hili ambalo sisi tungalidhani ni taabu tupu, kwao lilikuwa msaada mkubwa. Walimwaga maji juu ya njia, yakaganda yakawa barafu, na farasi au maksai wakaweza kuvuta shehena nzito za magogo juu ya magari yasiyo na magurudumu, yaliyokwenda kwa kuteleza. Kila gogo lilipigwa alama ya mwenyewe kwa nyundo ya chuma, kama ng'ombe apigwavyo chapa, maana mtoni magogo ya watu wengi huchanganyika.

Baridi ilipokwisha, theluji ikayeyuka na mito ikajaa, ndipo magogo yalipotumbukizwa majini. Msunobari mweupe ni mti mwepesi, huelea vizuri. Ndiyo sababu ulikatwa kabla ya miti mingine iliyo mizito. Watu waliovaa viatu vya misumari waliruka juu ya magogo yaliyokuwa yakienda, wakiyaongoza kwa miti mirefu yenye ncha za chuma. Magogo yakikwama, yalirundikana kama ukuta, na ilimpasa mtu aende kulilegeza lile gogo lililofunga njia. Katika kazi hiyo wengine hawakurudi. Yaliyofika salama yalipasuliwa kinuni, na mbao zikafungwa vyelezo vikubwa, zikateremshwa kwa mto Chippewa na Mississippi mpaka miji ya Dubuque, Fort Madison na St. Louis. Huko zilinunuliwa na wakulima waliokwenda kukaa katika nchi tambarare zenye majani matupu, wasiokuwa na miti ya kujengea nyumba wala mabanda.

Kampuni haikupasua mbao tu. Ilikuwa na mashamba yake ya kulisha watu na wanyama wa kambini, ilikuwa na kinu cha unga, tena ilikuwa na maduka. Mtu alipata mshahara wake kwa kampuni, akanunua unga wake kwa kampuni, na nyumba yake ilijengwa kwa mbao za kampuni. Mji mzima ulikuwa kama jahazi lenye mlingoti mmoja.

Wahenga wetu walisema, bandu bandu huisha gogo. Wale waliofika kwanza waliitazama misitu ya Wisconsin wakasema haitakwisha. Walikata bila kupanda. Kila mwaka makambi yalisogea mbali zaidi na mji, na kila mwaka magogo yaliyoshuka yalikuwa membamba kuliko ya mwaka uliopita. Mwenye macho aliona. Swali lilikuwa, je, atafanya nini yule aonaye?

Hapa twataka kusimulia habari za nyumba mbili. Ya kwanza ni ya Kapteni Tainter na mkewe Bertha. Walikuwa na binti aitwaye Mabel, aliyependa sana muziki na vitabu. Mwaka 1886 binti huyo alifariki, naye alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Mali yote ya misunobari haikuweza kumrudisha. Wazazi wake wakajenga kwa ajili ya ukumbusho wake jumba la mawe yaliyochimbwa katika wilaya ile ile, likafunguliwa mwaka 1890. Ndani yake waliweka ukumbi wa muziki na michezo, mahali pa ibada, na maktaba yenye chumba cha kusomea. Jumba hilo lingaliko, na watu wa mji huenda humo kusikiliza muziki mpaka leo. Wazazi waliofiwa watajua maana ya jambo hili kuliko tuwezavyo kuieleza sisi. Wangaliweza kujenga kaburi kubwa, wakalizungushia uzio. Lakini walijenga nyumba yenye mlango, ili watoto wa watu wengine wapate kile alichokipenda mtoto wao.

Nyumba ya pili ni ya Stout. James Huff Stout alikuwa mwana wa yule Henry tuliyemtaja. Alikulia katika mali, lakini aliona kwamba watoto wa shule hufundishwa kwa kitabu tu, na mikono yao huachwa bila elimu. Akawatolea wasimamizi wa shule za mji shauri hili: yeye atajenga nyumba katika kiwanja cha shule, ataweka vyombo vyote, na kwa mihula mitatu atalipa walimu na gharama, ila mji nao utoe dola 500. Hizo dola 500 zilikuwa kidogo kwa tajiri yule. Kwa nini basi alizitaka? Sisi twadhani alijua kwamba kitu mtu asichokitolea jasho hakilindi. Shule ikafunguliwa mwaka 1891. Wavulana walijifunza useremala na uhunzi, wasichana wakajifunza mapishi na ushoni, wala hawakuacha hesabu na kusoma.

Mwaka 1897 moto uliteketeza jengo la shule ile. Wengi wangaliona hiyo kuwa sababu njema ya kuacha. Stout akajenga upya, jengo kubwa zaidi la matofali, lenye mnara wa saa. Nao mnara huo ungali ukionekana mjini.

Tena hakuwasahau wakulima waliokaa mbali. Mwaka 1896 alianzisha maktaba za kusafiri. Yalikuwa masanduku ya mbao, kila moja lina vitabu kama 30 hivi, yakapelekwa vijijini katika wilaya yote ya Dunn. Sanduku liliwekwa katika nyumba ya mkulima, au dukani, au posta. Watu walipokwisha kuvisoma vitabu vile, sanduku lilipelekwa mahali pengine, na jingine likaja. Wakulima wengi wa huko walikuwa wageni waliotoka Norwe na Ujerumani, na usiku wa baridi ni mrefu sana. Fikirini furaha ya mama wa nyumbani, aliyefungiwa na theluji pamoja na wanawe, alipofunguliwa sanduku kama hilo.

Wilaya nayo ikafuata njia ile. Mwaka 1899 ilifungua chuo cha kufundisha walimu wa shule za vijijini, na mwaka 1902 ikafungua shule ya kilimo kwa vijana wa wakulima. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa za kwanza za namna hiyo katika nchi ya Marekani.

Basi mwaka 1901 kile kinu kikubwa cha Menomonie kilipasua gogo lake la mwisho. Msumeno ukanyamaza. Siku kama hiyo imeiua miji mingi ya mbao: watu hufunga mizigo, maduka hufungwa, nyumba hubaki kwa popo. Menomonie ulikuwa na watu zaidi ya 5,000 mwaka 1900. Mwaka 1910, miaka tisa baada ya kinu kufungwa, ulikuwa bado na watu kama 5,000. Ulipungua, lakini haukuanguka.

Uliokolewa na nini? Kwanza, na ng'ombe. Wakulima wa Wisconsin hapo kale walilima ngano mwaka kwa mwaka, mpaka udongo ukachoka na wadudu wakaharibu mavuno. Ndipo wakageukia maziwa, siagi na jibini. Katika kazi hiyo palikuwa na fitina moja. Maziwa yalilipwa kwa uzito, basi mdanganyifu alitia maji, akapata fedha sawa na mtu mwaminifu, au kumzidi. Mwaka 1890 Profesa Stephen Babcock wa Madison, mji mkuu wa jimbo, alibuni njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Tangu hapo mkulima aliweza kulipwa kwa wema wa maziwa yake. Babcock hakujiwekea haki ya kuuza kipimo chake. Aliwaachia watu wote bure. Twapaswa kuongeza neno la kweli hapa: si nchi yote iliyokatwa miti iliyofaa kwa kilimo. Kaskazini zaidi, katika michanga na visiki, jamaa nyingi zilijitahidi miaka mingi zikashindwa.

Pili, mji uliokolewa na shule. James Stout alifariki mwaka 1910, na mwaka 1911 serikali ya jimbo iliipokea shule yake. Ilikuwa imekwisha kuwa chuo cha kuwafundisha walimu wa kazi za mikono na wa maarifa ya nyumbani, nao walitoka hapo wakaenda kufundisha katika majimbo mengi. Tangu mwaka 1971 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ingali ikiitwa kwa jina la Stout, na maelfu ya vijana husoma humo. Mahali ambapo zamani mji ulipeleka mbao kwa mto, sasa hupeleka watu waliofundishwa.

Hatusemi kwamba watu wale walikuwa malaika. Mali iliyojenga shule ni ile ile iliyoondoa msitu, na waliokata miti wangaliweza kuipanda mingine wasiipande. Shule haikuurudisha msitu ule wa kale. Lakini katika hesabu ya mji, twaona kwamba kilichotumiwa kwa watoto hakikupotea, na kilitumiwa mapema, kabla ya mahitaji. Shule ilifunguliwa miaka kumi kabla ya kinu kufungwa. Kama wangalingoja msumeno unyamaze, fedha zingalikuwa zimekwisha kuondoka pamoja na wenyewe.

Ndugu walimu, mtakapowasomea watoto habari hii, waulizeni maswali haya matatu. Ni kitu gani katika kijiji chetu tunachokikata bila kukipanda? Kwa nini Stout aliutaka mji utoe dola 500? Na je, ninyi mngependelea kuachiwa nini na wazazi wenu, gogo au msumeno na maarifa ya kuutumia? Nanyi wazazi, msiwaachie watoto peke yao swali la kwanza. Lizungumzeni jioni, baada ya chakula, maana majibu yake yamo mikononi mwenu kuliko mikononi mwao.

Kwaherini, mpaka mwezi ujao.